Wazee wamebaki na maneno, kazi imehamia kwingine

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza mabadiliko ya miaka mia iliyopita yamegusa vipi yale ambayo wazee wanawarithisha vijana. Nimesoma majibu yaliyotangulia. Kundi moja linalalamika kwamba wazee wamenyamaza, jingine linadai vijana wameziba masikio, na kila upande umekuja na ushahidi wake. Mimi naona wote wanamtafuta mkosaji. Wazee hawajanyamaza hata kidogo; kaa nao saa moja uone kama hutaondoka na mawaidha ya kukutosha mwaka mzima. Shida ni kwamba siku hizi wamebaki na mawaidha tu.

Baba yangu alikuwa seremala, na jambo alilonifundisha vizuri kuliko yote ni kunoa msumeno. Sikumbuki kama aliwahi kunieleza. Aliubana msumeno katikati ya mbao mbili, meno juu, akanipa tupa ya pembe tatu, akaweka mkono wake juu ya wangu kwa meno matatu manne ya mwanzo, kisha akarudi kwenye randa yake. Kutoka hapo alikuwa akinisikiliza. Tupa ikikaa sawa hutoa sauti moja, ikienda upande hulia vibaya, naye bila kugeuka angesema, "Shusha mkono." Unanoa jino moja unaruka moja, ukifika mwisho unageukia upande wa pili, kwa sababu meno yamepindwa kwa zamu kushoto na kulia ili msumeno usikwame ndani ya mbao. Na katikati ya kazi hiyo nilipata kujua mambo ambayo hakuwahi kuniweka kitako kuniambia: ni nani aliyemdhulumu, kwa nini hasemi na kaka yake, na jinsi ya kumwambia mteja kwamba mbao aliyoileta haifai bila kumvunjia heshima.

Leo msumeno wa mashine ukiwa butu unafunguliwa, unafungwa mwingine. Ni nafuu kubwa, wala siulilii ule wa zamani. Lakini zile saa za kukaa karakana moja zimekwenda nao.

Ukiipima karne nzima kwa kipimo hicho, utaona jambo lilelile likijirudia kila mahali. Mwaka 1900, kati ya watu wazima watano duniani, ni mmoja hivi tu aliyejua kusoma na kuandika. Leo ni zaidi ya wanane katika kila kumi. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 liliifanya elimu kuwa haki ya kila mtu, na ile ya msingi likataka iwe ya lazima. Ni ushindi, na anayetaka turudi nyuma simuungi mkono. Ila shule ina tabia moja ya ajabu ambayo tumeizoea mpaka hatuioni tena: inamtoa mtoto katikati ya watu wa kila umri na kumkalisha na wa rika lake tu, mchana kutwa, kwa miaka kumi na zaidi. Uzazi umehamia hospitalini. Kuuguza na kufa vivyo hivyo. Tangu 2007 walio wengi duniani wanaishi mijini, ambako kazi ya mzazi mara nyingi iko mahali asipofika mtoto. Muulize mtoto wa karani mama yake anafanya nini kazini, atakwambia anaangalia kompyuta.

Kinachoshangaza ni kwamba wazee wenyewe wameongezeka. Wastani wa umri wa kuishi duniani mwaka 1900 ulikuwa miaka 32 hivi. Mwaka 2019 ulikuwa umefika 73. (Msidhani kwamba zamani watu walizeeka wakiwa na miaka thelathini. Wastani ulishushwa na vifo vya watoto wachanga, na aliyevuka utoto aliweza kuishi hadi uzee. Lakini wengi hawakuvuka.) Leo si ajabu mtoto kumfahamu baba wa babu yake, akamshika mkono na kumsikia akikohoa. Dunia haijawahi kuwa na wazee wengi namna hii kwa wakati mmoja, wala shughuli chache namna hii za kufanya pamoja nao. Ukimnyang'anya mtu kazi ya kuonyesha ukamwachia kazi ya kusema, atasema, na atasema mno.

Tena kusema kunazeeka upesi kuliko kazi. Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji wenzangu. Tunapenda kudhani kwamba analotoa mzee ni la kale. Mara nyingi ni jambo lililokuwa jipya alipokuwa kijana, likachacha. Chukueni unyonyeshaji. Katikati ya karne iliyopita, katika nchi zenye viwanda, maziwa ya kopo yalikuwa ndiyo maendeleo, na mama wengi walilisha watoto wao kwa chupa kwa saa maalumu, kama walivyoelekezwa na wataalamu. Miaka ilipopita mama hao wakawa bibi. Binti zao walipotaka kunyonyesha, ushauri waliopewa nyumbani ulikuwa chupa na saa ya ukutani, kwa nia njema kabisa. Jambo ambalo binadamu amelifanya tangu awepo likawa halina wa kulifundisha ndani ya familia. Mwaka 1956, huko Illinois, Marekani, mama saba walianzisha chama cha La Leche League ili wanawake waonyeshane wenyewe namna ya kumshika mtoto na kumwekea titi mdomoni. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala. Kizazi kimoja tu kilitosha kuukata uzi, na ilihitaji chama, vikao na kanuni za kimataifa ili kuanza kuuunga tena.

Kwa hiyo ile methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu naikubali kwa masharti. Mkuu aseme juu ya njia aliyoipita mwenyewe. Kuhusu kazi ipi itakuwa na mshahara miaka ishirini ijayo, mzee na kijana wote wanapapasa gizani, na afadhali kijana apapase mwenyewe.

Ni lipi basi ambalo shule, hospitali na mashine haziwezi kulifanya kwa niaba ya mzee? Jibu langu ni yale mambo yanayotokea mara chache kuliko urefu wa maisha ya mtu. Mwaka 1907 tsunami iliipiga Simeulue, kisiwa cha Indonesia karibu na Sumatra, ikaua watu wengi. Walionusurika waliyapa mawimbi yale jina, smong, na wakayaingiza kwenye nyimbo za kubembelezea watoto na hadithi za kabla ya kulala: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, usiokote samaki walioachwa pwani, kimbilia mlimani. Hakuna aliyeandaa semina. Yaliimbwa tu, kizazi hadi kizazi, na watu ambao kadiri miaka ilivyokwenda hawakuwa wameyaona kwa macho yao. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitikisika na bahari ikarudi nyuma. Simeulue ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa karibu kabisa na chanzo cha tetemeko, na mawimbi yalifika baada ya dakika chache. Kati ya wakazi wake wapatao 78,000 walikufa watu saba. Indonesia kwa jumla ilipoteza zaidi ya watu 160,000 waliokufa au kutoonekana tena, wengi wao ng'ambo ya bahari huko Sumatra, kwenye pwani ambako hakuna aliyeuimba wimbo ule.

Linganisheni na Japani, ambako walichonga mawe. Pwani ya kaskazini-mashariki ina mamia ya mawe ya onyo yaliyosimamishwa na waliopatwa na tsunami. Lile la kijiji cha Aneyoshi liliwekwa baada ya maafa ya 1933 na linawaamuru wajukuu wasijenge nyumba chini ya hapo lilipo. Walitii. Maji ya tsunami ya 2011 yaliishia kiasi cha meta mia moja chini ya jiwe. Lakini sehemu nyingine za pwani hiyohiyo mawe yalikuwapo na nyumba zikajengwa chini yake, kwa kuwa ukuta wa kuzuia bahari ulikuwa umejengwa, kiwanja cha bondeni kilikuwa bei nafuu, na aliyekumbuka alikuwa amekwisha kufa. Maandishi peke yake hayakutosha. Nashuku kwamba pale yalipofanya kazi palikuwa na mtu aliyempeleka mtoto mpaka kwenye jiwe.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi katika hospitali ya Merca, Somalia, na Oktoba 1977 akaugua ndui. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba umetokomezwa. Inakadiriwa kwamba katika karne ya ishirini peke yake ndui iliua watu milioni 300 hivi. Sasa, mnapofuta ugonjwa mnafuta pia kumbukumbu yake, na mzazi wa leo ambaye hajawahi kuona uso uliotobolewa na ndui anaweza kujiuliza chanjo zote hizi ni za nini. Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake. Akikutana na mzazi anayekataa chanjo, hakumtupia hofu wala kumwita mjinga. Alimsimulia yake: kwamba alifanya kazi hospitalini, kwamba chanjo ilikuwapo, na kwamba hakuchanjwa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Hapo ndipo tofauti ya mawaidha na habari inapojitokeza. Mawaidha yanakuambia la kufanya. Habari inakuambia mtu fulani alifanya nini, aliogopa nini, na kilimpata nini, halafu inakuachia. Kijana anayeyakimbia mawaidha utamkuta amekaa kimya akisikiliza habari, hasa ile ambayo mzee haonekani shujaa ndani yake.

Lakini zipo habari ambazo hazikutolewa kabisa, na karne iliyopita ilikuwa hodari wa kuzizalisha. Waliorudi kutoka vita kuu mbili, wengi wao hawakutaka kusema. Waliookoka maangamizi ya Wayahudi barani Ulaya walikaa miaka mingi bila kuulizwa sana, mpaka kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa Wanazi aliyesimamia kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kuuawa, iliyofanyika Yerusalemu mwaka 1961, ambako wengi kati yao walisimama kutoa ushahidi hadharani. Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, kilichonyamazishwa ni lugha yenyewe. Watoto walipigwa shuleni kwa kuisema, wakakua, wakaamua kwamba watoto wao hawatapigwa, basi wakawalea kwa Kiingereza. Sithubutu kuwalaumu. Urithi wao ulikuwa kinga, na kinga ile karibu iiue lugha.

Jinsi Wamaori walivyoinuka ndiyo inayonifanya nisikate tamaa. Kuanzia 1982 walifungua vituo vinavyoitwa kōhanga reo, yaani kiota cha lugha, wakawapeleka watoto wadogo wasioanza shule na kuwakabidhi kwa wazee waliobaki na lugha. Kizazi cha katikati kikarukwa. Hawakuanza na sarufi: waliwalisha, waliwaosha mikono, waliwaimbia, waliwagombeza, yote kwa Kimaori, siku nzima. Mwaka 1987 lugha hiyo ikawa rasmi kisheria. Bado ina safari, lakini angalieni walichokirudisha kabla ya jambo lingine lolote: saa nyingi za mzee na mtoto kuwa mahali pamoja wakishughulika.

Mwaka 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Margaret Mead, aliandika kwamba kuna jamii ambamo watoto hujifunza kwa wazee, kuna ambamo kila mtu hujifunza kwa wa rika lake, na kwamba inakuja ya tatu, ambamo wazee watajifunza kwa watoto. Kwa upande wa simu alipatia barabara. Wengi wanaiona hali hiyo kama fedheha ya uzee. Mimi nimeanza kuiona kama karakana imerudi kwa mlango wa nyuma, maana ni shughuli mojawapo kati ya chache zilizosalia ambazo babu na mjukuu huinamia kitu kimoja kwa muda mrefu bila mmoja wao kuhutubia.

Mama yangu anafundishwa simu na mjukuu wake, ambaye hana subira na jambo lolote isipokuwa hilo. "Bibi, bonyeza wewe, mimi sishiki." Walipofika kwenye nywila, mtoto akamwambia achague mwaka ambao hawezi kuusahau. Mama akaandika mwaka ambao sisi wanawe hatukuutambua. Hakuna aliyezaliwa mwaka huo, hakuna aliyeoa wala kuolewa. Mjukuu akauliza mwaka huo kulikuwa na nini. Mimi nina zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kumuuliza mama swali la namna hiyo. Kisa kilichukua mchana mzima, na alipomaliza ikabidi nywila ibadilishwe, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imeshaijua.