Kamba ya kisu na ya funguo: nikate kiasi gani, na kwa nini inajipinda?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa mashua hapa Kilwa Kivinje, na siku za bamvua naendesha bodaboda. Nimenunua kamba ya parachuti ya milimita 4 nisuke kishikio cha funguo za pikipiki na kamba ya kisu cha kukatia nyavu. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza kamba iliniishia njiani. Mara ya pili ilijipinda yote kama parafujo. Ya tatu ilitoka vizuri, lakini wiki mbili hazijapita ncha zimefumuka. Nakosea wapi? Na hiyo ya kisu niivae mkononi au shingoni?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine ni hasara ya kamba tu. Usiivae shingoni, na usiifunge kwenye kifundo cha mkono.

Kamba ya parachuti ile halisi ina nyuzi saba ndani na ganda lililosukwa nje, na kipimo cha uzito inaoweza kuubeba ni ratili 550, yaani karibu kilo 250. Wanajeshi wa Marekani walishuka nayo kwenye miavuli wakati wa Vita Kuu ya Pili, na wakaona mabaki yake yanafaa kufungia kila kitu. Sasa piga picha: jarife, ule wavu mkubwa, linashuka majini, mashua inasogea, na kitanzi cha mkononi mwako kimenasa kwenye boya. Kamba hiyo haikatiki. Utakwenda nayo.

Nimeliona jambo hili nchi kavu. Katika karakana moja niliyofanyia kazi, kijana alikuwa amening'iniza funguo shingoni kwa kamba kama hiyo. Aliinamia mashine ya kutobolea mbao, keekee ikaikamata kamba na kuanza kuizungusha. Alipona kwa sababu mwenzake alikuwa amesimama karibu na swichi. Tangu siku ile sisuki kamba ya shingoni isiyo na mahali pa kukatikia.

Kwa kisu chako fanya hivi. Toboa mpini karibu na mwisho, lakini acha kama sentimita moja na nusu ya mti usije ukapasuka, na utoboe mbali na ribiti. Tundu la milimita 6 linapitisha kamba yako ikiwa imekunjwa mara mbili. Sugua kingo za tundu kwa msasa, kwa sababu kamba nyingi za visu hukatwa na ukali wa tundu kabla ya kuchakaa zenyewe. Hapo weka kitanzi kifupi cha sentimita 8 hadi 10, cha kukuwezesha kuchomoa kisu kwenye ala hata mikono ikiwa na utelezi wa samaki. Kisha chukua kamba nyembamba, ifunge upande mmoja kwenye kitanzi na upande wa pili kwenye taruma, yaani ubavu wa mashua, si mwilini mwako. Urefu wake ukutoshe kufanyia kazi pale unaposimama, basi. Na pale inapokutana na kitanzi, unganisha kwa uzi wa pamba unaoweza kuukata kwa kuuvuta kwa mikono miwili. Uzi huo unakihimili kisu kikianguka, ila jarife likivuta, unakatika wenyewe. Ujaribu nchi kavu kwanza, na ukilowa sana na kuchakaa, ubadilishe. Ni uzi wa bei ndogo.

Sasa twende kwenye urefu. Kwa msuko bapa, ule wa nyuzi mbili za pembeni kuzifunga mbili za katikati, kila sentimita moja ya msuko hula kama sentimita 12 za kamba ya milimita 4. Kishikio cha sentimita 10 kitakula sentimita 120 za kusukia, 20 za katikati, na uongeze 30 za kushikia ncha mwishoni. Hiyo ni mita 1 na sentimita 70. Wewe kata mita 2 mpaka mkono uzoee, kwani anayekaza sana na anayelegeza hawatumii kamba sawa. Ila kabla ya kukata, loweka kamba nzima kwenye maji ya vuguvugu na uianike kivulini. Nailoni hupungua ikilowa mara ya kwanza. Ukiisuka bila kuilowesha, bahari ndiyo itakayoikaza, na si kwa kipimo chako.

Kujipinda ndiko watu wengi hukata tamaa, nami nakuhakikishia tatizo ni moja tu. Kunja kamba katikati, pitisha mkunjo kwenye pete ya funguo na uuvute sentimita 10. Huo mkunjo ndio katikati. Ncha mbili zilizobaki zilete chini ya pete, moja kushoto na moja kulia. Ya kushoto ipite mbele ya katikati kwenda kulia, na iache tumbo dogo huku kushoto. Ya kulia ipite juu ya ile iliyoifikia, izunguke nyuma ya katikati, itokeze kwenye lile tumbo kutoka nyuma kuja mbele. Vuta zote mbili sawasawa. Hilo ni fundo la kwanza, na ulikaze kuliko yote maana ndilo linaloshika pete.

Hapa ndipo ulipokosea. Fundo la pili ulianza tena kushoto. Ukianza upande uleule kila mara, msuko utajizungusha tu, hata ukaze vipi. Kuna watu wanautaka huo mzunguko na ni mzuri, lakini wewe hukuutaka. Fundo la pili linaanza kulia, la tatu kushoto, na kuendelea hivyo. Watu husahau walikuwa wapi wakiitwa kupokea simu, kwa hiyo mimi hutia tone la rangi ya kucha kwenye ncha moja. Ncha yenye rangi ndiyo inayopita mbele siku zote, iwe imesimama kushoto au kulia. Isiyo na rangi hupita nyuma siku zote. Ukishika hilo huhitaji kuhesabu.

Suka mpaka mkunjo wa chini ubaki kitanzi cha kidole kimoja. Usikimbilie kiberiti. Chukua shazia, ile sindano ya magunia, uzipitishe ncha chini ya mafundo matatu ya mwisho upande wa nyuma na uzikaze kwa koleo. Hapo ndipo ukate, na uache milimita 4. Wewe nadhani ulikata juu kwa juu ukaunguza, ukapata kidonge kigumu kisichoshika chochote. Pikipiki ikitetemeka, kinachomoka. Tumia moto wa buluu wa chini ya ulimi wa kiberiti cha gesi, kwa kuwa ule wa njano unaacha masizi. Nailoni ikianza kung'aa, ibane kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji. Usitumie kidole: nailoni iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza.

Na uhakikishe umeuziwa nailoni. Kata kipande, kiminye ndani ya bakuli la maji mpaka hewa itoke, kisha ukiachie. Nailoni huzama. Kikielea, hiyo ni plastiki ya kamba za boya: inateleza kwenye fundo na jua huimaliza haraka. Ya namna hiyo irudishe dukani.

Kwenye pikipiki, kishikio kisizidi urefu wa kiganja chako na kisining'inizwe na rundo la funguo za nyumba na kufuli. Uzito unaobembea barabarani unakula swichi, na kamba ndefu inaweza kuishia kwenye mnyororo unapoinama kuiwasha.

Kila ukirudi baharini, suuza kamba ya kisu kwa maji baridi ya bomba. Chumvi ikikaukia ndani ya msuko, chembe zake zinasaga nyuzi pale usipopaona. Mara moja kwa mwezi vuta kitanzi pembeni utazame kamba inapoingia kwenye tundu la mpini. Ukiona ganda limeota manyoya mpaka nyuzi nyeupe za ndani zinachungulia, ikate uanze upya.