Kwa nini mtetemo wa ngoma ya grafini (utando mwembamba sana wa kaboni uliovutwa juu ya shimo) huzimika haraka mwanzoni, kisha polepole?

Badiliko hilo la kasi huonekana kama mkunjo kwenye grafu ya kuzimika; ukiwa mkali, kwa kawaida ni nishati inayovuja kwenda modi nyingine, yaani namna nyingine ya utando kutetema, yenye masafa yake. Modi ya kwanza ikiwa megahezi 20, tafuta nyingine karibu na 60. Katika resonansi ya 1:3, yaani masafa ya modi moja yakiwa mara tatu ya nyingine, uunganisho wa modi hizo hukua kwa mraba wa amplitudo (ukubwa wa mtetemo): mtetemo ukiwa mkubwa modi mbili huzimika pamoja, ukishuka chini ya kizingiti zinaachana na ya kwanza hubaki na upotevu wake mdogo.

Kabla ya kuamini, badilisha volti ya geti, elektrodi iliyo chini ya utando inayouvuta. Mvutano wa utando hubadilika, uwiano wa masafa unahama kutoka 3, na mkunjo unapaswa kutoweka. Ukibaki kwa kila volti, na umejipinda taratibu, huo ni upotevu usio wa mstari (unaoongezeka kadiri mtetemo unavyokuwa mkubwa), jambo jingine kabisa.

Kosa la kawaida liko kwenye kichujio cha ishara cha kifaa cha kupimia. Kipimo cha ubora (Q, kinachoonyesha jinsi upotevu ulivyo mdogo) kikiwa 10,000 kwa megahezi 20, muda wa kupungua kwa nishati ni takriban mikrosekunde 80; kichujio kiwe cha haraka zaidi, chini ya mikrosekunde 8, la sivyo mkunjo unafutika. Ukipima kwa leza, punguza pia nguvu yake, maana joto la leza hubadilisha mvutano.