Kabla Hujatega Usubi Lamu

Mwaka jana wanafunzi watatu wa sekondari walinijia nyumbani, mtaa wa Langoni, wakiwa na chupa ya jemu iliyojaa vidudu vidogo walivyovikamata jioni kwenye mikoko ya upande wa Kipungani. Walitaka niwathibitishie kwamba hao ndio usubi wanaoeneza kala-azar, ule ugonjwa wa homa ndefu na kuvimba bandama, kwa kuwa walikuwa wameichagua mada hiyo kwa maonyesho ya sayansi ya shule yao. Nilisikitika kuwaambia kwamba kazi yao ya wiki mbili ilikuwa juu ya mdudu mwingine kabisa. Sikuwalaumu, kwa sababu kosa hilo hilo nililifanya mimi nilipoanza, tena kwa miezi na si kwa wiki. Ninaandika haya kwa ajili yao, na kwa kijana yeyote wa huku kwetu anayefikiria kusoma habari za usubi.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Sisi watu wa pwani humwita usubi karibu kila kidudu kidogo kinachouma na kuwasha ambacho si mbu, na katika maisha ya kawaida jina hilo linatutosha. Kwa anayesoma magonjwa halitoshi, kwa sababu ndani ya neno hilo moja wamo wadudu wa aina tatu. Wa kwanza ni wale wa mikokoni, wanaoitwa kitaalamu Culicoides, ambao hutoka kwa makundi upepo unapotulia jioni na kumfukuza mtu ufukweni. Wanakera sana lakini hawaenezi kala-azar. Wa pili ni inzi wadogo weusi wa mito yenye maji ya kasi, Simulium, wanaoeneza upofu wa mtoni, na ndiyo maana ndugu zetu wa Tanzania wakisema "ugonjwa wa usubi" huwa wanauzungumzia upofu huo. Ukichukua kijitabu cha afya cha kutoka huko ukakisoma Lamu bila kulijua hilo, utachanganya maradhi mawili yasiyofanana hata kidogo. Wa tatu ndiye tunayemtafuta, yaani Phlebotomus pamoja na jamaa zake.

Huyu wa tatu ana urefu wa milimita 2 hadi 3, kama punje ya simsim, ana rangi ya majani makavu, na mwili wake pamoja na mabawa umefunikwa na vinyweleo. Akitua huyanyanyua mabawa juu yakafanya umbo la herufi V, ilhali yule wa mikokoni huyalaza mgongoni moja juu ya jingine. Hana mlio kama wa mbu. Nilimtazama kwa utulivu kwa mara ya kwanza katika nyumba ya marehemu bibi yangu, Mkomani, nikiwa nimeinama na tochi mbele ya vidaka, au zidaka kama tunavyosema sisi, vile vishubaka vya ukutani ambamo bibi alipanga bakuli zake za kaure. Nyuma ya bakuli moja, palipobanduka chokaa na jiwe la matumbawe likaonekana, walikuwa wametua wanne. Nilipomsogezea mmoja ncha ya kidole hakuruka akaenda zake kama mbu. Alirukaruka ukutani hatua fupi fupi, akatulia tena shubiri moja tu kutoka pale alipokuwa. Ukiuona mruko huo mara moja huwezi kumchanganya tena na mwingine.

Lililonipotezea muda zaidi ni maji. Mtoto wa Lamu analelewa akijua kwamba mdudu anayeuma huzaliwa majini, na ndiyo sababu wazee wetu walifuga visamaki ndani ya mabirika ya vyooni na misikitini ili vile viluwiluwi vya mbu visipate nafasi. Kwa usubi huyu, samaki wa birika hana msaada wowote. Jike hutaga mayai penye udongo wenye unyevunyevu kidogo na uozo wa majani au samadi, mahali penye kiza na pasipo upepo, kama vile nyufa za kuta, mapango, mashimo ya panya, mazizi na vichuguu, na mabuu yake huishi humo humo ardhini wakila uozo huo. Nilipokuwa msaidizi wa utafiti Marigat, katika Baringo, mzee aliyekuwa akituongoza alinikuta nachunguza kingo za mfereji wa maji akacheka sana. "Kijana, nyinyi wa pwani mnatafuta maji," aliniambia. "Wewe tafuta shimo." Alinipeleka kwenye kichuguu kikubwa chenye tundu la kupumulia kwa juu, akapuliza moshi wa sigara ndani, na usubi wakatoka kama makapi yanayopeperushwa. Huyo wa vichuguuni, Phlebotomus martini, ndiye msambazaji mkuu wa kala-azar katika sehemu kavu za Kenya. Wengine wana makao yao: yuko anayekaa mashimo ya panya huko huko Baringo, akaeneza vidonda vya ngozi, na wako wa mapango ya Gilgil na wa miamba ya Mlima Elgon, ambako vimelea vya vidonda kama hivyo huishi ndani ya pimbi.

Niliporudi Lamu na mitego miwili ya kuazima nilidhani nimekwisha kuhitimu. Mtego wa taa ni kifaa rahisi: balbu ndogo, feni inayovuta hewa kwenda chini, mfuko wa kitambaa cha wavu, na betri ya volti 6. Usiku wa kwanza niliutundika juu darini, mwezi wa Juni, kusi likivuma, na asubuhi mfuko ulikuwa mtupu. Usubi ni mrukaji dhaifu mno. Upepo ambao wewe unauona ni wa kuburudisha kwake ni dhoruba, kwa hiyo hujibanza ndani ya ukuta asitoke. Tundika mtego chini, kiasi cha nusu mita kutoka ardhini, katika pembe iliyokingwa, na kama unaweza kuchagua msimu, chagua siku za matlai kusi linapopungua. Usiku wa pili niliushusha hadi kiwandani, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, na bado nikaambulia nondo. Ilinichukua muda kutambua kwamba mfuko niliopewa ulikuwa wa mbu, na usubi walikuwa wakiingia na kutokea matunduni bila shida. Usiku wa tatu nilishona mfuko wa kitambaa chembamba zaidi, wakaingia, nikawaona alfajiri kwa macho yangu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi sisimizi walikuwa wameshuka kwa kamba na kuacha mabawa matupu. Tangu hapo sitegi bila kupaka grisi kwenye kamba.

Kosa la usiku wa tano ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu. Nilikuwa nimepata usubi ishirini na kitu kutoka nyumba tatu, nikawatia kila kundi katika kichupa chake chenye ethanoli, na ndani ya kila kichupa nikaweka kipande cha karatasi chenye tarehe na jina la nyumba. Niliandika kwa kalamu ya wino. Baada ya siku mbili vichupa vyote vitatu vilikuwa na maji ya samawati na vikaratasi vyeupe pe, na hapakuwa na namna ya kujua nani ametoka wapi. Mdudu asiye na mahali wala tarehe hafai kitu, hata akiwa wa aina adimu namna gani. Andika kwa penseli, ukiweke kikaratasi ndani ya kichupa na si kukibandika nje, kisha uandike hayo hayo tena katika daftari.

Kama huna mtego wa taa, usikate tamaa. Karatasi nyeupe za kawaida zilizopakwa mafuta ya mbarika na kuchomekwa penye nyufa usiku kucha hunasa usubi vizuri, kwa kuwa ni wa kurukaruka na mguu mmoja ukigusa mafuta hachomoki. Asubuhi unawaokota kwa brashi ndogo iliyochovywa katika ethanoli. Kwa mwanafunzi mimi huzipenda karatasi hizi kuliko taa, kwa sababu hazichagui anayependa mwanga na asiyeupenda, tena ikiibiwa huna hasara. Jambo moja tu nakukataza kabisa: usijifanye chambo wewe wala mdogo wako kwa kukaa na miguu wazi ili uwakamate wanapouma. Na kama kazi yako imevuka mipaka ya darasa ikawa utafiti, omba kwanza kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na idhini ya kamati ya maadili.

Wenye nyumba nao wana haki zao. Saa nzuri ya kuwasha mtego ni jua linapozama, lakini hiyo ndiyo saa ya sala na ya kukusanya watoto ndani, na mtu anayepiga hodi magharibi akiwa na taa na nyaya haaminiki upesi. Mimi hufika baada ya alasiri. Jirani mmoja wa bibi yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeme huo ataulipa nani?" Nikamwonyesha betri. "Haya. Na hiyo taa yako haitawaita wadudu wa mtaa mzima waje kulala kwangu?" Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi. Nilimweleza kwamba mwanga ule mdogo huwavuta walio mita chache tu, kwa hiyo watakaonaswa ni wale ambao tayari wanaishi naye. Alinyamaza kidogo, akasema angalau sasa atajua nani asiyelipa kodi.

Ukishawapata, kazi halisi ndipo inapoanza, nayo ni ya hadubini na subira. Tazama kwanza vinyweleo vya mgongoni mwa tumbo: kwa Phlebotomus vimesimama wima, kwa Sergentomyia, mmoja wa jamaa zake, vimelala. Baadaye utajifunza kumlainisha mdudu kwa dawa mpaka awe kama kioo, uvione vijino vilivyopangika ndani ya kinywa cha Sergentomyia na vifuko vya jike vya kuhifadhia mbegu, ambavyo kila aina ina umbo lake. Wote walioingia katika mitego yangu ya Mkomani walikuwa Sergentomyia, ambao chakula chao zaidi ni damu ya mijusi, na nyumba zetu za mawe zina mijusi kafiri kila boriti. Nilivunjika moyo siku hiyo, jambo ambalo leo naliona la kitoto. Kujua kwamba usubi wa ukuta ule ni wa mijusi ni habari kamili, mradi usiitandaze ikawa habari ya kisiwa kizima, maana nyumba chache haziwezi kuusemea mji, sembuse upande wa bara wa kaunti yetu, huko Hindi, Witu na Bodhai.

Jifunze pia historia ya fani yenyewe, kwa sababu inatuliza. Kimelea cha kala-azar kilitambuliwa mwaka wa 1903, na madaktari Leishman na Donovan wakapewa heshima ya jina lake, Leishmania donovani. Wataalamu waliokuwa India walimshuku usubi tangu miaka ya 1920, lakini kila walipojaribu kumfanya aambukize alikataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikagundulika kwamba kosa lilikuwa la chakula. Walikuwa wakimlisha damu juu ya damu, ilhali usubi aliyekunywa damu yenye vimelea kisha akapewa zabibu kavu aliishi zaidi, na vimelea vikajaa tumboni mwake hadi kooni. Mwaka wa 1942 Swaminath, Shortt na Anderson wakathibitisha kwa watu waliojitolea kwamba usubi ndiye mwambukizaji. Ushahidi uliosubiriwa karibu miaka 40 ulifunguliwa na zabibu za pilau.

Huenda ukauliza faida ya yote haya kwa mtu wa Lamu. Kaunti yetu imepakana na Garissa, ambayo pamoja na Wajir na Mandera imewahi kukumbwa na milipuko ya kala-azar, na wafugaji hawasimami mpakani. Namfahamu kijana aliyeshuka na ng'ombe kutoka huko akiwa na homa ya wiki nyingi. Katika kituo kimoja alipewa dawa za malaria mara tatu, akazidi kukonda huku tumbo la upande wa kushoto likijaa, kwa maana bandama ilikuwa imevimba. Hakuna aliyemuuliza alikotoka. Dalili za ugonjwa huu huweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya kuumwa, na usipotibiwa huua zaidi ya watu 95 katika kila 100, lakini kipimo cha haraka cha damu kipo, na tiba inayotumika Afrika Mashariki ni sindano za dawa mbili, stiboglukoneti na paromomaisini, kwa siku 17. Kijana huyo alipona baada ya muuguzi wa zamu ya usiku, aliyewahi kufanya kazi kaskazini, kumpapasa tumbo na kumuuliza kama kwao hulala karibu na vichuguu. Na kwa anayekwenda kulala huko, achukue chandarua chenye dawa na matundu madogo, kwa kuwa chandarua cha kawaida kisicho na dawa usubi hukipenya.

Wale wanafunzi watatu niliwapa karatasi, chupa ya mafuta ya mbarika na penseli. Walichomeka karatasi kumi katika banda la punda nyuma ya shule, wakarudi na usubi kumi na wanne, na wote, tulipowaweka chini ya hadubini, walikuwa na vinyweleo vilivyolala. Hawakuhuzunika kama nilivyohuzunika mimi. Waliifuta mada yao ya kwanza ubaoni wakaandika "Usubi wa mijusi katika banda la punda", kisha mdogo wao akataka kujua kama punda naye anaumwa, na tukakubaliana kwamba wiki itakayofuata tutawatafuta walioshiba damu.