Mesopotamia kwa darasa la nne: anza na udongo

Mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kufundisha Mesopotamia, nchi ya kale iliyokuwa hasa katika Iraki ya leo, darasa la nne bila watoto kusinzia. Acha miaka na majina ya wafalme kwanza. Leta udongo wa mfinyanzi. Kila mtoto afinyange kibao kinachoenea kiganjani, achonge ncha ya tete iwe na pembe, kisha aikandamize kwenye udongo ukiwa bado mbichi. Zitatoka alama kama kabari, mwandiko wa Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Mesopotamia, wa karibu miaka 5,000 iliyopita.

Wape kazi ya karani: kondoo watatu, madebe mawili ya shayiri. Maandishi ya mwanzo kabisa ya kule yalikuwa hasa ya hesabu za ghala na mgao wa chakula! Maswali yatakuja yenyewe: nani alilima, nani aligawa? Hapo ndipo ufungue ramani, uwaonyeshe mito ya Tigris na Euphrates. Vibao vianikwe kivulini, jua kali huvipasua.