Kabla hujashusha bei, mfikirie jirani

Ukiuza mchele sokoni Mwanjelwa, Mbeya, huuzi peke yako. Kuna duka kulia na jingine kushoto, na wote mnachukua mzigo Ubaruku au Kyela kwa bei zinazokaribiana. Kwa hiyo swali la "nishushe bei?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili: nikishusha, jirani atafanya nini kesho asubuhi?

Nadharia ya michezo, yaani elimu ya kuamua huku ukipima mwenzako naye ataamua nini, ambayo John von Neumann na Oskar Morgenstern waliiandikia kitabu mwaka 1944, kwangu inafanya kazi hiyo tu. Hesabu zake nzito nawaachia wenyewe.

Tuseme kila duka linauza kilo 200 kwa siku, faida shilingi 250 kwa kilo. Hiyo ni 50,000. Ukishusha shilingi 50 ukavuta nusu ya wateja wa jirani, unauza kilo 300 na kubaki na 60,000. Tamu! Ila kibao chako cha bei kinasomeka kutoka mlangoni kwake. Naye akishusha, wateja wake wanarudi, na kila mmoja anafunga duka na 40,000. Kupandisha tena ndiyo shughuli. Mimi bei naiacha, nashindania yale asiyoweza kuyaiga kwa kufuta kibao: mchele usio na mawe wala chenga, mizani isiyolalamikiwa, mzigo kumfikia mama lishe kabla hajawasha jiko. (Kuitana kikao mkapanga bei, hapana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza.)

Lumbesa nayo ni mtego huohuo. Pita Isongole msimu wa viazi: gunia limejaa, halafu vingine vimepangwa juu ya mdomo na kushonewa kamba mpaka limeota kichwa. Mkulima anajua anapunjwa. Lakini akifunga kilo 100 za kisheria peke yake, mwenye fuso anasogea kwa anayefuata. Kumhubiria mkulima mmoja mmoja ni kumwonea bure. Dawa ni mizani inayowabana wote siku moja, mnunuzi akiwemo.

Kwenye mikopo namfuata Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Marekani, aliyeshindanisha mara mbili programu za kompyuta katika mchezo wa kuaminiana au kusalitiana, raundi baada ya raundi. Mara zote mbili ilishinda programu fupi kuliko zote, iliyoletwa na Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mrudishie mwenzako alichokufanyia raundi iliyopita. Mama lishe mpya nampa kilo 10 za mkopo. Akilipa, anapata tena. Asipolipa, nasimamisha, bila maneno. Akija na deni lote, tunaendelea kama jana, wala simkumbushii. Hapo kwenye kusamehe wengi wanashindwa, wakapoteza mteja aliyekwisha kujirudi. Kanuni ni moja kwa wote, na wote wanaijua, hata shemeji yangu.

Yote haya yanashika kwa sababu kesho tutaonana. Mnunuzi anayepita kuelekea Tunduma, ambaye huenda usimwone tena, hana raundi ya pili ya kuogopa. Kwake mzigo haupandi gari kabla hela haijaingia. Na usisome meseji anayokuonyesha kwenye simu yake. Angalia salio lako mwenyewe.