Usihesabu viini, tazama utando wa msingi

Mdogo wangu, umeuliza namna ya kutofautisha aina za tishu za epithelia, yaani zile zinazofunika nje ya mwili na kutanda ndani ya viungo, mahali zinapopatikana na jinsi tezi zinavyotokana nazo, kisha ukasema umekariri kwamba viini vya seli vikionekana katika mistari miwili au zaidi, basi epithelia hiyo ni ya matabaka mengi. Ifute kanuni hiyo leo, kabla hujaingia kwenye mtihani wa vitendo.

Mimi niliipokea kutoka kwa mkufunzi wetu nilipokuwa nasomea utabibu hapa Tabora. Siku ya mtihani nikawekewa slaidi ya trakea, yaani bomba la hewa, nikaona viini vingine chini, vingine katikati na vingine juu, nikaandika bila wasiwasi: seli nguzo (zile ndefu zinazosimama kama nguzo), matabaka mengi. Kumbe lile ni tabaka bandia, na kwa hakika ni tabaka moja tu, kwa sababu kila seli pale imekanyaga utando wa msingi, yaani ule utando mwembamba ulio chini ya epithelia, ila si zote zinazofika juu. Fikiria abiria waliosimama stesheni ya Tabora wakisubiri treni ya Kigoma: vichwa havilingani, lakini hakuna aliyesimama mabegani mwa mwenzake.

Kosa hilo lilizaa mengine. Swali la kazi ya tishu hiyo nililijibu kwa kufuata jina nililolikosea, nikaandika kuwa inakinga msuguano, ilhali slaidi ileile ilionyesha silia, yaani vinyweleo vidogo vinavyopepea juu ya seli, na seli za ute, ambazo kwa pamoja hunasa vumbi na kulisukuma kuelekea kooni. Nikafeli somo, na ada ya mtihani wa marudio ikalipwa kwa fedha za asali ambayo mama aliuza dumu kwa dumu. Namlaumu mkufunzi yule bila kificho. Epithelia ya kweli ya seli nguzo yenye matabaka mengi ni adimu mwilini. Hupatikana sehemu chache, kama mifereji mikubwa ya tezi za mate na sehemu ya mrija wa mkojo wa mwanamume. Angetuambia hilo tu, tungesita kuiandika.

Kwa hiyo anza chini. Uliza kama kila seli inagusa utando wa msingi; zote zikiugusa, ni tabaka moja, hata viini vipangane vipi. Zisipougusa zote, panda hadi safu ya juu kabisa na uchukue jina la umbo huko. Umio una seli za mchemraba au ndefu kidogo chini, lakini epithelia yake huitwa bapa kwa sababu ya seli za juu.

Wala jambo hili haliishii darasani. Mkoa wetu unalima tumbaku, Urambo na Kaliua, na mvutaji wa miaka mingi huweza kupoteza epithelia yenye silia katika njia zake za hewa, mahali pake pakaota epithelia bapa ya matabaka mengi, ute ukakosa cha kuusukuma. Daktari asiyetofautisha aina hizo mbili hawezi kuliona badiliko hilo hata likiwa chini ya hadubini yake.

Ukiwekewa trakea, utando huo haukupi taabu: ni mnene kuliko kawaida, nao huonekana kama mstari wa waridi chini ya seli. Ufuate kutoka ukingo mmoja wa slaidi hadi mwingine, ndipo ushike kalamu.