Linda ua moja, mengine waachie nyuki

Boga nililopika kwa futari miaka minne iliyopita lilitoa maji sufuriani kama tango. Nilikuwa nimelipanda mwenyewe kwenye shamba letu la kule Mtama, mkoani Lindi, kwa mbegu niliyookoa mwaka uliotangulia kutoka kwenye maboga ya bibi. Boga la bibi nalijua tangu utotoni. Ganda la kijivu, nyama ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na ukilipika kwa tui linavunjikavunjika kama muhogo wenye unga. Hili nalo kwa nje lilikuwa la kijivu. Ndani maji na nyuzi. Watoto walikula kwa sababu walikuwa wamefunga, mimi niliweka kijiko chini.

Chanzo nilikipata baada ya kufikiri vizuri. Msimu wa kabla yake, mzee wa shamba la ng'ambo ya njia alipanda maboga makubwa ya mbegu ya dukani. Nyuki hawajui mpaka wa shamba. Walitoka kwake na chavua, yaani unga wa maua dume, wakaja kwangu, na mbegu nilizoziokoa kwa heshima zote zikawa tayari ni mchanganyiko.

Hapa watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea vilevile. Boga likichavushwa na boga la aina nyingine, tunda la mwaka huo halibadiliki ladha wala sura. Nyama ya tunda ni ya mama. Mchanganyiko umekaa ndani ya mbegu, na utauona ukizipanda. Mahindi yanatuzoesha vibaya, maana ukipanda meupe karibu na ya njano, punje za njano zinajitokeza kwenye gunzi lilelile, msimu uleule. Kwenye boga unakula tamu mwaka huu, unatunza mbegu kwa moyo mweupe, mwakani ndipo unalia.

Nilikwenda kwa yule mzee. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, unataka ning'oe maboga yangu?" Nikamwambia, "Hapana, mjomba. La kwangu nitalilinda mwenyewe."

Ndiyo njia ninayotaka kuwaeleza. Huhitaji kutenga shamba zima. Ili mbegu iwe safi bila ulinzi, maboga ya aina mbili inabidi yaachane kwa karibu kilomita moja, na kwa mashamba yetu yalivyobanana hilo haliwezekani. Lakini ua moja unaweza kulilinda. Mche mmoja unakupa boga moja la mbegu, na maboga mengine yote ya mche huohuo unayaachia nyuki, unayala, unayauza, hakuna kilichoharibika.

Kwanza yajue maua. Ua jike lina kiboga kidogo kabisa chini yake, hata kabla halijachanua. Ua dume limesimama juu ya kikonyo chembamba kirefu, na ndani lina nguzo moja yenye unga wa manjano. Unga huo ndio chavua. Madume hutangulia kutoka na huwa mengi zaidi, kwa hiyo usihangaike ukiona wiki ya kwanza hakuna jike.

Kazi inaanza jioni. Zunguka shambani kabla ya magharibi ukitafuta maua yatakayochanua kesho. Ua la kesho ncha yake imeshageuka kuwa ya njano, limevimba kidogo, lakini bado limefumba. Ua ambalo bado ni la kijani liache. Lililofunguka hata upenyo tu usiliguse, mdudu ameshaingia. Funga ncha kwa uzi wa kushonea au libane kwa kibanio cha nguo, usikaze hadi likapasuka. Funga jike moja, na madume mawili au matatu kutoka kwenye miche mingine ya mbegu ileile. Mimi kila ua ninalofunga nalivisha na kitambaa chekundu, kwa sababu mwaka wa kwanza mdogo wangu alikwenda kuchuma majani ya maboga akachuma na madume yangu mawili, yakaishia kwenye mboga. Hakujua, na mimi sikuwa nimemwambia.

Asubuhi wahi. Boga linachanua alfajiri na ikifika adhuhuri ua limeshanywea, kwa hiyo kati ya saa kumi na mbili na saa tatu ndiyo nafasi yako. Kata ua dume na kikonyo chake, litoe petali zote ibaki ile nguzo peke yake, uishike kama brashi. Kisha fungua jike taratibu. Ndani utaona kama vifundo vitatu vyenye unyevunyevu. Pakaza chavua kwenye vifundo vyote vitatu, usikimbilie kimoja, maana boga lililopata chavua kidogo hunyauka au hukua upande. Badilisha dume, rudia. Ukisikia nyuki anavuma karibu na mkono wako, funika ua kwa kiganja mpaka apite. Nyuki mmoja aliyetoka shamba la pili anatosha kuharibu kazi yote. Ukimaliza, funga jike tena kwa uzi uleule.

Kuhusu kufunika juu yake, msitumie nailoni. Mimi nilivisha ua mfuko wa nailoni na ndani ya siku mbili kiboga kikaoza kwa joto na majasho. Bahasha ya kaki inafaa kama hakuna mvua, na kipande cha chandarua kilichochakaa kinafaa wakati wote. Baada ya siku nne hivi petali zimekauka, ondoa vyote, lakini kitambaa chekundu kihamishie kwenye kikonyo, kikae hapo hadi siku ya kuvuna.

Mvua ikinyesha asubuhi hiyo, acha. Chavua iliyolowa haifanyi kazi, ni afadhali ungoje ua jingine. Na kama viboga vinadondoka hata ukichavusha vizuri, angalia mche wenyewe. Ukikuta tayari umebeba maboga mawili matatu makubwa, hautaki mzigo mwingine. Chuma moja ukale, kisha jaribu tena. Ndiyo maana siku hizi nafunga majike ya mwanzoni kabisa.

Si kila boga linaingiliana kirahisi na kila boga. Angalia kikonyo cha tunda. Chenye pembe tano, kigumu, kinachopanuka pale kinapolishika boga, ni jamii moja. Cha mviringo, kinene, laini kama kizibo, ni nyingine. Hizo mbili ni nadra kuchanganyika, na zote mbili haziingiliani kabisa na tikiti, tango wala mung'unye. Mung'unye una maua meupe yanayofunguka jioni, kwa hiyo huo unauchavusha jua likizama. Na tafadhali, mung'unye au boga lolote ukilionja likawa chungu, tema na utupe, usilipikie mtu. Uchungu ule ni sumu, kupika hakuuondoi.

Wanaoona kazi hii ni ya kupoteza muda niwakumbushe mikorosho yetu. Naliendele, pale nje ya Mtwara mjini, watafiti wa korosho wanapotaka kupata chotara wanachavusha kwa mkono, na ua la mkorosho ni dogo sana. La boga linajaa kiganja.

Boga la mbegu usilikate siku ya kuvuna. Liache ndani wiki tatu, mbegu zinaendelea kujaa. Kisha zitoe, zioshe, zianike kivulini juu ya ungo, si juu ya bati la moto. Kunja mbegu moja kwa vidole. Ikipinda bado mbichi, ikikatika kwa mlio iko tayari. Mimi nachanganya mbegu za miche mitano au sita kabla ya kuhifadhi, ili ukoo usidhoofike, halafu nazitia kwenye kibuyu na majivu makavu kama bibi alivyofanya.

Ndani ya kibuyu chake mwenyewe, baada ya ile futari, nilikuta mbegu kumi na moja zimebaki chini. Sita ziliota. Maboga matano ya kitambaa chekundu yalitoka humo. Mwezi wa kumi na moja uliopita, kabla mvua hazijaanza, nilizilaza mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu kuzipima. Zilichipua tisa, na mjomba wa ng'ambo ya njia alikuja na bakuli lake kuchukua za kwake.